Picha ya Bibi Nkwimba

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu. Naweza kuwa machungani nikajifunika kofia usoni, na ng'ombe wenyewe wala hawana habari.

Nilikuwa kijana, mpiga picha pekee kuanzia Tinde mpaka pale unapochoka kutembea. Shule niliiona kwa nje, lakini kamera niliijua. Flashi yangu ikiwaka, majogoo waliwika wakidhani kumekucha. Wachimbaji wa Geita niliwapiga wakatuma kwao, mama zao wajue wako hai. Mtu akitaka kuposa mbali, alitanguliza picha niliyompiga mimi. Nikiingia harusini bwana harusi anasahaulika, ni mpiga picha huku, mpiga picha kule. Kichwa kilinivimba, kofia zote za Shinyanga zikawa hazinitoshi.

Sasa nyie wa simu hamjui. Kamera zetu zilikula mkanda, na mkanda mmoja picha thelathini na sita, basi. Zikiisha unaupeleka Mwanza kusafishwa, na watu wanasubiri wiki mbili ndiyo waone sura zao.

Kwenye harusi ya Shija, jirani yetu, bibi yake aliniwahi asubuhi. Bibi Nkwimba. Hakuwahi kupigwa picha tangu azaliwe. Akaniomba nimbakizie moja, nikamwambia hata tatu. Kumbe wasichana wa kwaya wananichekea, nikawapiga wamesimama, wamekaa, wameshikana mikono, mkanda ukaisha. Ndipo bibi akatokea. Ameoga upya, kavaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti kama mkuu wa mkoa.

"Baba, nicheke au ninyamaze?"

"Cheka, mayu," nikamwambia. Mayu ni mama, kwa Kisukuma chetu.

Akacheka, na meno yake yale mawili. Mimi nikawasha flashi tupu, kamera haina kitu ndani. Nilishindwa kusema mkanda umeisha, maana ningesema, ukubwa wangu wote pale ungeisha nao.

Picha zilipotoka Mwanza, familia nzima ikanizunguka. Shija akauliza, "Ya bibi iko wapi?"

Mimi na utani wangu nikajibu, "Ya bibi imegoma. Nimepiga vizuri, mkanda umeikataa sura yake."

Wakacheka. Mzee mmoja hakucheka. Akasema polepole, "Za wote zimetoka. Yake tu ndiyo imekataa?"

Mwanangu, neno lile lilikimbia kuliko pikipiki. Mpaka Jumapili kijiji kizima kinasema uso wa Nkwimba haushiki kwenye picha. Na macho yake yalikuwa mekundu, moshi wa kupikia wajukuu miaka yote hiyo. Unajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu alivyokuwa anatazamwa, kama mchawi. Wanawake wakaacha kuchota naye maji. Watoto wakimwona wanakimbia. Mimi nilisikia yote, nikanyamaza, nikajiambia yatapita.

Siku ya tisa Shija akaja nyumbani kwangu. Hakukaa.

"Wameng'oa mlango wa bibi. Wanasema hamalizi wiki. Kaka, nikuulize kitu kimoja tu. Ile picha uliipiga?"

Nikaangalia chini.

"Basi," akasema, "nenda ukawaambie mwenyewe."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, watu wakaitwa. Nikafungua kamera mbele yao, nikawaonyesha tumbo lake. Nikasema, "Siku ile ilikuwa hivi hivi, tupu. Mkanda niliumalizia kwa wasichana. Bibi hana kosa." Nilitegemea angalau mmoja acheke, maana watu wote walizoea kunicheka. Hakuna. Yule mzee akaniuliza, "Kwa hiyo bibi wa watu alikuwa afe kwa sababu wewe uliona aibu kusema kimeisha?"

Kesho yake nikanunua mkanda mpya, nikaenda kwake. Nilimkuta anafunga mizigo, binti yake kamfuata ampeleke Songwa.

"Shikamoo, mayu."

Akakaza kamba ya mzigo. "Marahaba."

"Nimekuja kukupiga ya kweli."

"Siku ile nilikupa kicheko changu, baba. Leo sinacho."

Akabeba mzigo wake akaondoka, na huko Songwa ndiko alikozikwa. Hakuna picha yake popote duniani.

Nakwambia hivi, mwanangu. Kitu kikiisha, sema kimeisha. Ukidanganya ukajua, kasahihishe siku hiyohiyo, mbele ya walewale uliowadanganya, usingoje yapite kama nilivyongoja mimi siku tisa. Na simu yako hiyo, kabla hujarusha picha ya mtu ukaandika huyu mchawi, huyu mwizi, jiulize kama unajua kweli au unataka tu watu wakutazame wewe.

Nenda salama. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema nimekosa, na bibi zako wote wazeekee nyumbani kwao, milango ikiwa mahali pake.