Mjohoro wa Mkunga

Mvua za kwanza zikishanyesha hapa Mpapura, mkunga wetu huingia katika mashamba ya watu bila hodi. Huinama chini ya mikorosho na kung'oa miche ya mjohoro, mti wa maua ya manjano alioupanda mwenyewe makaburini miaka ile, akisema unapendeza, na ambao sasa umetapakaa kila shamba. Hatumii jembe. Hushika mche chini kabisa, huuzungusha kidogo, husubiri, kisha huuvuta taratibu mpaka utoke mzima. Halafu huuinua juani na kuukagua mzizi hadi nchani, kama anavyokagua kondo la nyuma, asije akaacha kipande ndani. "Kikibaki," husema, "kitaturudia." Nimemwona akimaliza ekari nzima kabla ya adhuhuri, magoti yametapakaa tope, akiimba Kimakonde kwa sauti ya chini, na mimi mwenye shamba nimesimama na jembe langu sina la kufanya.

Mwaka 2003 uvumilivu ulinishinda. "Bibi, utang'oa watoto mpaka lini? Tumkate mama yao, upumzike."

Alifuta mikono kwenye kanga, akatazama upande wa makaburini, ambako mjohoro ulikuwa umewaka manjano tupu.

"Chini ya kivuli chake yupo mzazi mmoja aliyenifia mikononi, yeye na mwanawe," alisema. "Jua la hapa si unalijua?"

Akainamia mche mwingine. Nikaweka jembe chini, nikapiga magoti kando yake, nikamwomba anionyeshe pa kushika.