Ribiti za Bawa la Kushoto

Mjomba hakuwahi kuniuliza kwa nini siongei. Shuleni mwalimu alinisimamisha mpaka nijibu, nami nikasimama mpaka kengele. Lakini kule Kwai, kwenye banda la ng'ombe aliloliacha Mzungu, Mjomba alikuwa akijenga ndege, na mimi ndiye niliyeshika chuma.

Kazi yenyewe ni hivi. Mabati mawili ya aluminiamu yanatobolewa pamoja, ribiti, kijimsumari kisicho na ncha, inapitishwa tunduni. Mjomba anagonga kwa nje. Mwenzake yuko ndani ya bawa, amekandamiza chuma kizito kwenye mkia wa ribiti ili ubonyee na kubana. Mkono wangu mwembamba ndio uliopenya. Tulikuwa hatuonani, basi tuliongea kwa kugonga bati. Mara moja, imekaa. Mara mbili, rudia. Humo ndani nilisema mengi kuliko darasani.

Mjomba alijifunza ufundi chini Muheza, kwenye ndege ndogo ya wenye shamba la mkonge. Walipoondoka, akapandisha mabati yake huku milimani kwenye paa la basi, watu wakidhani anaezeka nyumba.

"Ikiruka, wewe unakaa nyuma yangu," aliniambia. "Tunapita juu ya Mgwashi, bibi yako anatoka nje na mchi mkononi!"

Nililiamini hilo kuliko nilivyoamini kwamba nitafaulu mtihani.

Halafu kijiji chetu cha ujamaa kikapewa ng'ombe wa maziwa, na mvua za baridi zikaanza. Mkutanoni mama mmoja akasimama. "Ng'ombe wa kijiji wanalowa, ndege inalala pakavu!"

"Muulizeni inakamuliwa saa ngapi," mzee mmoja akadakia.

Watu wakacheka, na Mjomba akacheka. Nikamngoja aseme kwamba limebaki bawa la kulia tu. Akasimama, akasema ndama wameanza kufa, banda lichukuliwe. Mabati nayo yakatwe mifereji ya kukingia mvua pale zahanati, maana wagonjwa wanachotewa maji bondeni. Mikono ilipohesabiwa, wake ulikuwa juu.

Ribiti haifunguliwi kama skrubu. Unatoboa kichwa kwa keke, kisha unausukuma mkia, na lazima mtu akinge kwa ndani. Nikaingiza mkono tena palepale.

"Zilizokaa vizuri ndizo zinatoka upesi," Mjomba alisema kutoka nje. "Keke inapata katikati."

Kweli. Kazi yetu nzuri ilidondoka kwenye majani makavu bila ubishi. Zile za mwanzo, nilizozishikia chuma upande zikapinda, ziling'ang'ania. Nilizipenda hizo. Kila moja ilipokataa nilisema moyoni, kaza, kaza hivyohivyo.

Jioni ribiti ya mwisho ikatoka. Bati likateleza, mwanga ukaingia bawani, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mjomba nikiwa kazini. Alikuwa analia, mdomo wazi kama mtoto, keke bado mkononi. Miezi yote ile nilikuwa nimezoea mgongo wa bati tu. Sikujua kama siku nyingine pia alikuwa akilia.

Nilitaka kumwambia neno. Nikagonga mara mbili kwenye kipande kilichobaki.

Akajifuta kwa mkono wa shati.

"Toka mwanangu," akasema. "Bati lina makali."