Fundi Aliyekataa Kumwaga Oili Mchangani

Habari ya kifo chake ilinifikia Ijumaa asubuhi, kupitia kundi la simu la Watanzania wa Al Quoz, Dubai: fundi wetu wa jenereta amefariki hospitalini kwa maradhi ya moyo, na mwili utasafirishwa Tanga. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilimfahamu nilipokuwa karani wa ghala lililopakana na karakana yao, kabla sijaanza kuandika safu hii, na miaka yote hiyo tulizungumza zaidi habari za mashine kuliko za maisha yetu.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia jenereta za dizeli zinazokodishwa kwa wajenzi. Mchana mmoja wa kiangazi mapipa ya oili chafu yalikuwa yamejaa, na gari la kuyachukua lilikuwa limechelewa. Msimamizi akamwagiza ayamwage nyuma ya ukuta.

"Sir, hiyo sitaimwaga," alisema.

"Yalla, ni mchanga tu. Nani anaishi huko?"

"Chini ya mchanga kuna maji."

Msimamizi akamwambia khalas, kazi imekwisha, akusanye vitu vyake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hati za mzigo. Yeye alikaza vifuniko vya mapipa kimoja baada ya kingine, kisha akaketi kivulini. Kibali chake cha kuishi nchini kilitegemea kampuni ile, na nyumbani alikuwa na watoto wanne. Gari lilifika alasiri, msimamizi akatia saini, na habari ya kufukuzwa haikutajwa tena. Nilipomuuliza kama hakuogopa, alijibu, "Niliogopa sana. Ndiyo maana nilikaa."

Baadaye kampuni ilipunguza jenereta ikaingia kwenye umeme wa jua, naye akahamishiwa huko. Aliipenda kazi mpya. Kikohozi cha moshi kilipungua, na masikio yaliacha kuvuma. Lakini siku moja nilipopita kazini kwake alinipeleka kwenye uzio, palipokuwa na rundo la paneli zilizopasuka. "Hewa ya huku ni safi, ndugu yangu, siwezi kukataa. Sasa hizi zilizokufa zinakwenda wapi?" Nikamwambia bila shaka zitachukuliwa. "Na nani?" Swali hilo akalipeleka kwa wakubwa. Ofisini walimjibu inshallah. Akawa anauliza kila Jumatatu, miezi kadhaa, mpaka wakatafuta watu wa kuzifumua na kuokoa vioo na madini yake.

Hakuwahi kusema kwamba dizeli na jua ni sawa. Dizeli huchimbwa, huungua na kwisha, na moshi wake hubaki angani ukiongeza joto la dunia. Jua halipungui kwa kutumiwa. Kifua chake kiliijua tofauti hiyo. Wengi wetu tunakosea baada ya hapo, tunapodhani kwamba nishati safi itatufanya na sisi tuwe safi. Haina uwezo huo. Mtambo wowote, wa zamani au wa kisasa, unahitaji mtu wa kuuliza taka zake zinakwenda wapi, na kuendelea kuuliza hata wakubwa wakichoka kumsikia.