Chapa Juu ya Chapa

Wallahi, sijapata kuona kazi ya kipuuzi kama ile niliyoajiriwa nikiwa na miaka ishirini na miwili. Ng'ambo ya Tana, mwendo wa nusu siku kutoka Garissa, palikuwa na ranchi ya Mzungu, na watu walikuja pale kutoka Nairobi kupumzika. Kupumzika kwenyewe ndiko huku: kuamka alfajiri, kupanda farasi, na kuswaga ng'ombe wa mwenye ranchi kutwa nzima juani. Na walilipa! Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Hooyo," akaniambia, "kama wanalipa ili wachunge, si uwalete huku? Mimi nina kumi na mmoja."

Hooyo ni mama kwa Kisomali. Lakini kwetu mama humwita mwanawe kwa neno hilohilo analoitwa yeye, likawa linakwenda na kurudi kati yao. Mimi nilikuwa mwanawe wa pekee, baba alikwisha fariki, na wale ng'ombe kumi na mmoja ndio aliotuachia. Hatukuwa na kingine.

Kazi nilitafutiwa na mjomba, ndugu wa mama tumbo moja. Kwetu mjomba ni abti, na abti habishiwi. Alikuwa nyapara pale ranchini. Ndiye aliyenifundisha kukaa kwenye tandiko, na kutopeleka farasi karibu na msitu wa mto kwa sababu ya mbung'o. Kuhusu wageni alinipa somo moja tu: "Waache waamini kwamba wao ndio wanaoongoza." Nilimpenda sana yule mtu, na nalisema hilo kwa uchungu.

Kisha vita vikaingia. Mashifta, wale waasi waliopigana na serikali, wakilipua gari barabarani, askari walikuja kwenye manyatta ya karibu na kuondoka na mifugo yote, ya mwenye hatia na ya asiye na hatia. Jirani zetu waliamka na ngamia arobaini, wakalala bila hata mbuzi. Mama akaacha kulala kabisa.

Abti akaja siku moja baada ya swala ya adhuhuri, akaketi mkekani.

"Dada'ngu, ng'ombe wa ranchi hawaguswi na askari," alisema. "Nimezungumza na mwenye ranchi, amekubali. Tuwatie wako chapa yake, wakae ndani mpaka vita viishe. Kisha utawachukua."

Mama hakupenda. Ile chapa ya ukoo wetu aliitia baba kwa mkono wake. Akamwuliza, "Ni amana?"

"Ni amana."

"Mbele ya Mungu?"

"Mbele ya Mungu." Akanywa maziwa aliyopewa na mama, akanipa na mimi ninywe.

Ng'ombe niliwashika mimi mwenyewe, abti akiweka chuma cha moto. Chapa ya ranchi ikakaa juu ya yetu, ikaimeza. Kulikuwa na mmoja mwekundu mwenye pembe iliyopinda, ambaye mama alimlea kwa mkono tangu akiwa ndama yatima. Huyo hakupigana hata kidogo, maana alinijua. Kila Ijumaa nilivuka daraja na kibuyu cha maziwa yake kumpelekea mama, na mama alikuwa ananiuliza habari za yule ng'ombe kabla ya kuniuliza zangu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja abti akasema tunahamisha kundi, tunafuata majani upande wa Mwingi. Wageni walikuwa wanne, wa mwisho kuja. Mmoja alikuwa mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia kubwa ya ukili, ambaye alimpenda Pembe Iliyopinda na kumlisha biskuti njia nzima. Siku ya pili tukafika mahali palipokuwa na malori kumi yakisubiri, na askari wenye bunduki wakikagua kila kinachotoka wilayani. Hapakuwa na majani yoyote. Ranchi ilikuwa inafungwa, na kundi lote limeuzwa.

Nikajisemea, tulia, abti yupo.

Mwenye ranchi akaja juu ya farasi wake, akalitazama kundi, akamwuliza abti kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Hawa yote yangu? Iko ya mtu mwingine hapa? Sema sasa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule Mzungu hakuwahi kukubali chochote, kwa kuwa hakuwahi kuambiwa. Abti alitudanganya tangu siku ile ya mkekani, na hata hivyo uongo ule ungeweza kusameheka, kama tu angelijibu ukweli.

Abti akawatazama askari. Akanitazama mimi. "Hakuna, bwana. Wote wako."

Aliogopa. Nyapara Msomali anayeficha ng'ombe wasiojulikana chini ya chapa ya tajiri wake, wakati ule, angeitwa shifta palepale. Halafu mwenye ranchi alikuwa amemwahidi kibali cha kuhamia naye kule milimani kwenye baridi na amani. Sababu zake nazijua zote, na sijamsamehe kwa hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na mimi? Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, hatamu mkononi. Nikajiambia abti habishiwi mbele ya wageni. Uongo mtupu! Niliziogopa zile bunduki. Pembe Iliyopinda akapanda lori bila kuswagwa, na yule mama wa kofia akampungia mkono, akasema, "Kwaheri."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, siku tatu. Ilikuwa Ijumaa. Mama alikuwa amekwisha kukifukiza kibuyu kwa moshi, tayari kwa maziwa. Nikamweleza yote, neno kwa neno, nikimlaani ndugu yake kila nilipovuta pumzi. Nilingoja tulie pamoja.

Hakulia. Akauliza, "Mwenye ranchi aliuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili."

"Wewe unakijua."

"Nakijua, hooyo."

"Ulikuwa chini, au juu ya farasi?"

"Juu ya farasi."

"Basi ulikuwa juu vya kutosha kusikika."

Akakifunika kibuyu, akakitundika. Aliishi miaka mingine kumi na tisa, akanipikia, akaniozesha mke, akawabeba wanangu mgongoni. Lakini tangu Ijumaa ile kila nilipomwita hooyo, aliniitikia kwa jina langu.