Mafuta Yaliyobaki Chini ya Tangi

Mwaka ule wa uasi nilikuwa fundi kwenye kiwanja kidogo cha ndege, katika bonde la Ruzizi. Wazungu walionifundisha kazi walikuwa wameondoka baada ya uhuru, tukabaki wawili: mimi wa Kasenga na mwenzangu wa Nyakabere. Siku hizo kila mtu alimwangalia mwenzake mikono kwa kumshuku.

Adhuhuri moja ndege ya askari ilitua kwa injini moja. Ile ya kushoto ilikuwa imeishiwa mafuta ya kulainisha, rubani akaizima karibu na kutua. Yeye alipelekwa mjini kwa gari papo hapo. Komanda akaja na kijiti, akakichovya ndani ya tangi la mafuta hayo. Kikatoka kimelowa.

"Mafuta iko," akasema. "Injini imekufaje kwa kukosa mafuta?"

Mwenzangu aliinamisha kichwa. "Asubuhi ni yeye peke yake alifungua hiyo tangi, komanda."

Ni kweli, nililifungua kuongeza mafuta kabla ndege haijaruka. Lakini yeye alijua kwa nini yale mafuta hubaki, tulifundishwa pamoja. Nikamtazama, hakunitazama.

Nikaeleza kwamba bomba la injini linaanzia juu kidogo ya sakafu ya tangi. Mafuta ya chini injini haiyafikii, ni akiba ya propela. Injini ikifa, pampu ndogo ya umeme huyasukuma, na mapanga ya propela hugeuka ubavu ili yasikinge upepo na kuivuta ndege nyuma.

"Weye unatunga maneno," komanda akasema.

"Minye nakuonyesha," nikamjibu.

Nikapanda, askari nyuma yangu na bunduki. Nikabonyeza kitufe cha pampu ile, ambacho rubani hakuwahi kukigusa. Kimya. Kisha pampu ikanguruma, na mapanga yakajigeuza polepole mpaka makali yakaelekea mbele.

Komanda akanigeukia. "Na yale mengine yalimwagika wapi?"

Tukafungua kifuniko cha injini. Bomba moja lilikuwa limesuguana na chuma siku nyingi hadi likatoboka. Alipitisha kidole pale akitafuta alama ya tupa, asiione. Akaniacha niende, ila kitambulisho changu alikaa nacho wiki nzima.

Jioni mwenzangu aliniambia, "Ningekutetea, wangetufunga wote wawili."

Labda. Sikumjibu. Tulifanya kazi pamoja mpaka kiwanja kilipofungwa, na kila nati aliyoikaza nilirudi kuikagua akishaondoka. Nadhani naye alizikagua zangu.