Maji Niliyomnyima Paluku

Nilipokuwa mtoto Bwera, kule mpakani, tuliogopa radi kuliko tulivyoogopa askari, na askari wa miaka ile ya sabini hawakuwa watu wa mchezo. Mtu akipigwa na radi, haguswi. Atakayemgusa kabla mganga wa mvua hajaja kumwosha, radi itamfuata hadi nyumbani imalize watoto wote. Bibi yangu, aliyetulea mimi na wadogo zangu, alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kumenya mhogo. Sikuwahi kumuuliza ni nani aliyeliona likitokea.

Paluku alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, muuza sabuni, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba hata kabla ya kukata mche wa sabuni. Kila siku ya soko alinipa vipande vilivyomeguka, akinitania kwamba shingo yangu inavihitaji kuliko yeye. Nilimpenda sana mtu yule.

Siku hiyo mvua ilituvamia mchana. Sisi tulijibanza kwenye vibanda vya soko, yeye akakimbilia chini ya mkaratusi na sanduku lake la sabuni kichwani. Radi ilipiga tukaziba masikio na kufumba macho. Tulipofumbua macho alikuwa chini, shati limeungua, mguu mmoja hauna kiatu.

Mvua ilipopungua watu walimzunguka kwa mbali. Kijana mmoja akatumwa ng'ambo ya mto Lubiriha kumwita mganga wa mvua. Mto ulikuwa umefurika na kila mtu alijua mganga atachelewa, lakini tulisimama tu kama watu wanaongoja basi.

Kisha Paluku akafumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi, niliyekuwa na kibuyu cha maji tuliyokuja nayo sokoni.

"Mutoto," akasema, "nipe mayi."

Bibi akanishika mkono. "Usisogee, Biira."

"Anaomba maji, bibi."

"Nimesikia. Una wadogo zako nyumbani."

Akageuza uso, akaikodolea macho barabara ya mtoni, na hakuugeuza tena.

Sikusogea. Paluku aliomba mara ya pili. Mara ya tatu ilikuwa midomo tu inayocheza. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba bibi alinishika kwa nguvu. Si kweli. Alinishika kama unavyomshika mtoto mnapovuka barabara, na ningetaka ningechomoka. Nilikuwa nalia, kibuyu nimekikumbatia.

Aliyefika mwishowe ni mke wa askari mmoja wa kambini, mama wa kutoka kaskazini, mbali huko, aliyekuwa amekuja kununua samaki. Alipenya katikati yetu akauliza, "Nyinyi nasimama namna gani? Mutu iko hai."

Akaninyang'anya kibuyu, akapiga magoti kwenye matope, akakilaza kichwa cha Paluku mapajani mwake. Akawa anamwita baba. "Kunywa, baba. Kunywa kidogo." Maji yaliingia mdomoni, yakatoka yote pembeni, yakateremka shingoni. Alikuwa amekwisha kukata roho. Yule mama aliendelea kumfuta uso kwa pindo la kitenge chake, taratibu, hakuna mtu aliyemwambia aache.

Yaliyofuata yananitia aibu zaidi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemuuzia yule mama kitu sokoni. Wingu likitanda milimani, sisi watoto tulikimbilia mahali palipoinuka tuone upande wa kambi, tukingoja radi imfuate. Nami nilikuwa mmoja wao, tena niliomba Mungu ipige. Isipopiga, ina maana Paluku amekufa na kiu bure, na mimi nimesimama bure. Haikupiga. Mwaka uliofuata mumewe alihamishwa. Niliwaona wakipanda lori, yeye na wanawe wanne, wote wazima. Sikumuaga.

Sasa naishi Kasese mjini. Mlangoni kwangu kuna mtungi na kikombe, na anayepita anakunywa, awe mlevi, awe kichaa, awe mgonjwa ambaye majirani wanamkwepa. Mwenye kushindwa kukishika kikombe namshikia. Majirani husema Biira ana roho nzuri. Mimi sijui kama ni roho. Huruma nilikuwa nayo hata siku ile ya mkaratusi, tena nyingi, na haikumfaa Paluku kitu. Ndiyo maana siku hizi siingoji initume, naanza kwa mkono. Kuna asubuhi nainuka nikiwa sina huruma na mtu yeyote, na mtungi naujaza hivyo hivyo.

Bibi hakulitaja jambo lile hata mara moja. Alipokuwa kitandani, hoi, siku zake zimebaki za kuhesabika, asubuhi moja nilikuwa namlisha uji akausukuma mkono wangu.

"Yule mtu wa sabuni," akasema. "Alikunywa?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuona. Muda wote ule alikuwa ametazama barabara.

"Alikunywa, bibi," nikamwambia. "Alikunywa mpaka akatosheka."

Kisha akafungua mdomo nimpe uji.

Maji yale nimeyaungama kwa padri mara nyingi. Uongo ule sijauungama.