Neno la Mwisho Kwenye Kitambaa

"Shangazi, basi lililoandikwa GEREJI mbona halipakii watu?"

Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa kwenye gereji alikofanyia kazi, naye ameinamia kitambaa kirefu cheusi akiandika kwa rangi nyeupe.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Herufi J haitaki porojo." Brashi ikaendelea, na swali langu likaishia hapo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kwenye kampuni ya mabasi: kuandika safari. Kitambaa kilikaa ndani ya kisanduku juu ya kioo cha mbele cha basi. Dereva akizungusha mkono wa chuma, SOKONI inapanda inapotea, HOSPITALI inatokea. Mafundi wakampachika jina la Bi Herufi. Kisha zikaja taa zinazojiandika zenyewe, na vitambaa vyake vikageuka matambara ya kufutia grisi. Kimoja tu kilisalimika, maana fundi breki alikikalia kabisa: "Anayekitaka anifute grisi mimi kwanza!"

Mwaka huu kampuni imejenga ofisi mpya, ikaamua kupamba ukumbi wa mapokezi kwa vitu vya mabasi ya zamani. Usukani mpana kama ungo uko ukutani, kengele ya kondakta iko, na katikati yao, ndani ya kisanduku chake, kitambaa cha shangazi. Akaombwa akizungushe siku ya ufunguzi, kisha kisanduku kifungwe kwa kioo. Neno litakalokuwa mbele ndilo litakalobaki.

Meneja alitaka MJINI. "Linapendeza, mama. Kila mgeni analijua."

"Mimi nataka GEREJI."

"Gereji! Mama yangu, nani anapanda basi kwenda gereji?"

Shangazi akatabasamu, akafunga mkoba wake. Sisi wa nyumbani tunalijua tabasamu hilo; si la kukubali.

Siku yenyewe alivaa gauni lake la bluu na viatu vinavyombana. Akazungusha. SOKONI. HOSPITALI. MJINI ikatokea, meneja akaanza kupiga makofi. Mkono wa chuma haukusimama. Makofi yakamkatikia hewani. Neno la mwisho, GEREJI, likapanda taratibu, lenye ile J yake iliyonyooka, na shangazi akaachia.

Halafu kule nyuma, walikosimama mafundi na ovaroli zao, fundi breki akapiga mluzi: "Bi Herufi! Hata ukutani unatupeleka kazini!"

Kikalipuka kicheko. Watu wa gereji walishikana mabega, wakasogea mbele, wakawa wanaonyeshana neno lao kwa vidole kama wanaomwonyesha mgeni nyumba yao. Meneja akawatazama, akajikuna kidevu, mwisho naye akacheka.

"Haya. Lifungwe hapo hapo."

Skrubu ya mwisho ilipokazwa, shangazi alinivuta mkono.

"Uliwahi kuniuliza mbona basi la gereji halipakii watu."

"Shangazi! Bado unakumbuka?"

"Mabasi mengine yote yaliwapeleka watu kwao, mwanangu. Hilo lilikuwa linakuja kwetu."